Picha Moja Ikipotea Angani

Tarehe 22 Mei 2021, helikopta ndogo ya NASA iitwayo Ingenuity ilikuwa katika safari yake ya sita juu ya sayari ya Mirihi, mita 10 kutoka ardhini, ikielekea kusini-magharibi. Sekunde 54 baada ya kupaa, kamera yake ya kuongozea njia, ile ya nyeusi na nyeupe inayotazama chini na kupiga picha 30 kila sekunde, ilipoteza picha moja. Moja tu. Kamera haikuzimika, na picha zilizofuata zilikuwa safi kama zilizotangulia. Tatizo ni kwamba kila picha iliyofuata ilipigwa mhuri wa saa isiyo yake. Aliyewahi kukaa foleni ya kliniki zetu ataelewa mara moja: mtu mmoja akichoka kungoja akajiondokea kimya, na faili lake likabaki kwenye mpangilio, basi kila anayeingia baada yake anakuta daktari ana faili la mwenzake mezani. Hakuna faili lililochanika wala mgonjwa aliyerukwa, ila kuanzia hapo dawa zote zinakwenda kwa watu wasio wake. Programu ya helikopta ilitazama mawe ya chini, ikaona hayako pale ambapo yangepaswa kuwa kwa saa ile, ikaamini kwamba chombo kimekwenda kombo, ikakirekebisha. Picha iliyofuata ikaleta kosa lilelile, ikarekebisha tena. Chombo kikawa kinayumba huku na huku, wakati mwingine kwa zaidi ya nyuzi 20, kikila umeme kupita kiasi, mpaka kilipotua mita 5 hivi kutoka mahali palipokusudiwa.

Nimeanzia mbali hivyo kwa sababu hitilafu ile ya Mirihi na hitilafu za ndege ndogo zinazopaa kutoka viwanja vya Wilson au Arusha ni za ukoo mmoja, ila za huku kwetu hazipati wahandisi wa kuzichambua na kuziandikia taarifa. Wapiga picha wa angani wakikutana, mazungumzo ni yaleyale: betri ilikata, kadi ilijaa, lenzi ilikwama nusu ndani nusu nje. Hizo ni hasara, sikatai. Lakini kamera iliyozima imesema kweli. Imekwambia kwamba kazi haijafanyika, na wewe unajua ulipokomea. Miaka ya kazi hii imenifikisha kwenye imani tofauti na ile niliyoanza nayo: hitilafu ya kuogopwa ni ile inayoiacha kamera iendelee kufyatua kama kawaida, ikajaza kadi kwa picha zisizofaa au zisizojulikana ni za wapi, na watu wakarudi nyumbani wakipongezana. Na kinga ya hitilafu hiyo haimo katika kununua kamera ya bei kubwa zaidi. Imo katika kuilazimisha kamera itoe ushahidi wake kabla injini haijazimwa.

Picha ya angani ina udhaifu ambao picha ya harusi haina. Albamu ya harusi hata ikichanganyika, bibi harusi anajulikana, shangazi anajulikana, na mwenye keki anajulikana. Kichaka cha Tsavo kilichopigwa kutoka mita 100 juu hakina jina. Kinafanana na kichaka cha kilomita 3 mbele na cha kilomita 3 nyuma. Thamani ya picha ile imo katika anwani yake: ilipigwa saa ngapi, kutoka wapi, ikafuatia picha ipi. Mara nyingi anwani hiyo hupatikana kwa kuoanisha saa ya kamera na saa ya GPS baada ya kutua, na hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. GPS inaandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo ndege ikiwa angani saa mbili kamili asubuhi, faili la GPS linasema 05:00. Karani wa kiti cha mbele, kwa kuwa ni Mswahili, ameandika kwenye daftari «saa 2». Kamera iliyorekebishwa vizuri inasema 08:00, na ile iliyotoka dukani ikiwa bado na saa ya China inasema 13:00. Hizo ni saa nne kwa tukio moja, na bado hizo ni rahisi kwa sababu tofauti yake ni kubwa, mtu anaiona. Kibaya ni zile sekunde. Ndege ya kuhesabu wanyama huenda kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa hivi, yaani mita 50 kwa sekunde. Saa ya kamera ikiwa imepotoka kwa sekunde 3, kila twiga ameandikwa mita 150 kutoka alipokuwa. Halafu kuna tofauti ambayo wengi hawajaisikia: saa ya ndani ya mfumo wa GPS, tangu Januari 2017, iko mbele ya saa ya kimataifa kwa sekunde 18. Anayesoma data ghafi bila kuliondoa pengo hilo amelisogeza kundi lote la tembo kwa mita 900. Anaweza kuwahamishia upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, au ndani ya shamba la mtu, na hakuna picha hata moja itakayoonekana mbovu.

Kwa ndege nyuki hesabu ni ndogo lakini kesi ni kubwa, maana ndege nyuki siku hizi ndizo zinazopima viwanja. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege nyuki nyepesi zinazorushwa kwa mkono, na tangu hapo miji mingi ya mwambao na bara imefuata njia hiyo. Chombo cha namna hiyo huandika kila mara kinapoiamuru kamera ifyatue. Ukirudi chini unakuwa na orodha mbili: amri zilizotolewa na picha zilizopigwa. Tuseme amri ni 1,204 na picha ni 1,203. Aliyechoka na jua ataona ni tofauti ya picha moja kati ya elfu na zaidi, atafuta mstari wa mwisho wa orodha ili hesabu zilingane, na ataendelea na kazi. Lakini amri iliyokosa kutekelezwa huenda ilikuwa ya 37. Kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde na picha kila sekunde 2, kuanzia ya 37 kila picha imepewa anwani iliyo mita 24 kutoka mahali pake, na chombo kikigeuka kurudi, kosa nalo linageuka upande. Mita 24 ni upana wa kiwanja cha mtu na zaidi. Hili ni kosa lilelile la Ingenuity, picha moja kukosekana na foleni nzima kuhama, ila Mirihi chombo kiliyumba kikaonyesha kwamba kuna jambo. Huku chombo hakiyumbi. Kitakachoyumba ni baraza la ardhi, miaka kadhaa baadaye.

Tukienda kwenye kamera yenyewe, adui mkubwa ni mtetemo. Injini ya pistoni inaitikisa kila kitu ndani ya Cessna, na pete ya fokasi iliyowekwa kwenye alama ya mbali asubuhi inaweza kuwa imesogea kidogo kidogo hadi kufikia adhuhuri. Ndiyo maana wazoefu huifunga kwa gundi ya karatasi. Fokasi ya kujiendesha nayo, ikikutana na ukungu wa vumbi au mng'ao wa kioo cha dirisha, huenda ikakamata mkwaruzo wa kioo badala ya ardhi. Anayeweka kichujio cha kupunguza mng'ao na kupiga kupitia dirisha la plastiki hupata mikanda ya rangi za upinde wa mvua. Lakini ukungu wa mwendo ndio unaodanganya kuliko yote, na hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kwa mita 50 kwa sekunde, lenzi iliyofunguka kwa sehemu ya elfu ya sekunde inaona ardhi ikisogea sentimita 5. Hiyo inavumilika. Wingu likipita, kamera iliyoachiwa ijipangie mwanga inarefusha muda hadi 1/125, na ardhi inasogea sentimita 40. Ndama wa swala hana urefu wa kumwezesha kubaki swala baada ya kukokotwa sentimita 40. Anakuwa mstari wa kahawia kati ya mistari mingine ya kahawia. Sasa tazama picha hiyo kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kile cha inchi 3. Picha ya pikseli milioni 24 imebanwa ikae katika nukta milioni moja hivi, na kubanwa huko kumefuta ukungu wote. Inaonekana kali kama wembe. Kioo kile kimetengenezwa kumfurahisha mwenye kamera, na hakiwezi kutoa ushahidi mpaka uikuze picha hadi ukubwa wake kamili na kuisogeza pembe kwa pembe.

Kuna na unyevu, ambao watu wa pwani tunapaswa kuujua kuliko yeyote. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ukipaa kutoka Tanga kwenye nyuzi 30 na kupiga picha kwa saa mbili ukiwa mita 3,500 juu, kamera imekaa kwenye baridi ya nyuzi 7. Betri huonyesha udhaifu wake hapo, na huo ni udhaifu wa wazi. Shida inakuja wakati wa kushuka: kamera baridi inaingia kwenye hewa nzito ya bahari, na lenzi inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Mpiga picha bado ana ufuo wa kumalizia, anaendelea kufyatua. Baadaye mezani picha zitaonekana zina utusitusi, na kila mtu atasema siku ile hali ya hewa ilikuwa mbaya. Kwa mita hizohizo 3,500, diski za kuzunguka ambazo baadhi yetu bado tunazitumia kuhamishia picha zimevuka kiwango ambacho watengenezaji wake huzidhamini, kwa kawaida mita 3,000 hivi, kwa sababu kichwa kinachosoma diski huelea juu ya utando wa hewa, na hewa ikiwa nyepesi kichwa hushuka.

Kadi ya kumbukumbu nayo ina ghala na daftari la ghala. Picha huingia ghalani kwanza, kisha jina lake huandikwa daftarini. Umeme ukikatika katikati, mzigo unabaki ghalani bila kuandikwa, na programu za uokoaji kama PhotoRec huweza kuupata kwa kupita rafu kwa rafu, ilimradi mwenye kadi hajaendelea kupiga. Akiendelea, kamera itatupa mzigo mpya palipoandikwa «patupu». Hilo ni kosa la pupa, linazuilika. Lisilosamehewa ni kadi bandia, ile iliyoandikwa 128 GB ilhali ndani ina 8. Kadi hiyo haikatai picha hata moja. Inapokea zote, inaorodhesha majina yote, namba zinafuatana bila pengo, na ukifungua faili la elfu mbili hakuna kitu. Dawa yake ni kuijaza pomoni ukiwa nyumbani na kuisoma yote tena kabla haijapanda ndege hata mara moja, kazi ya jioni moja ambayo hakuna anayependa kuifanya.

Ili nisionekane nachukia kila hitilafu, nitaje moja ninayoiheshimu. Setilaiti ya Landsat 7 ilirushwa mwaka 1999 kuipiga picha dunia kwa vipande vyenye upana wa kilomita 185. Tarehe 31 Mei 2003 kifaa chake cha kunyoosha mistari kiliharibika. Kazi ya kifaa hicho ilikuwa kufidia mwendo wa setilaiti wakati kioo chake kikipepesa kushoto na kulia, na bila hicho mistari iligeuka kuwa ya kipindapinda. Kila picha ikapoteza takriban asilimia 22, kwa mianya myeusi inayoanza myembamba karibu na katikati na kupanuka kuelekea kingoni, wakati katikati penyewe, kama kilomita 22, palibaki pazima. Kwa kipimo chochote cha duka la kamera hiyo ni kamera mbovu. Hata hivyo iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 15 baada ya hapo, na watafiti wa misitu, wa maziwa na wa mashamba waliendelea kuomba picha zake. Waliweza kwa sababu ubovu wake ulikuwa hadharani na haukubadilika. Kila mtu alijua mwanya uko wapi, akauziba kwa picha ya tarehe nyingine au akauacha mweusi. Mwanya mweusi haukumdanganya yeyote kwamba hapo pana msitu. Ningepewa nichague kati ya kamera inayopoteza asilimia 22 ikionyesha ni ipi, na kamera inayopotosha asilimia 2 bila kuonyesha ni ipi, nisingefikiri mara mbili.

Wapo wazee wa kazi watakaosema haya yote ni sababu ya kurudi kwenye macho ya watu. Kwa miongo mingi wanyama wa Serengeti, Ruaha na Tsavo walihesabiwa na watazamaji wawili wa kiti cha nyuma, kila mmoja na dirisha lake, wakihesabu walio kati ya fimbo mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa. Macho hayana kadi wala betri. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini ushahidi umekwenda kinyume nayo. Katika utafiti uliofanyika Tsavo na kuchapishwa mwaka 2020, kamera zilizoelekezwa pembeni kama macho ya watazamaji zilishindanishwa nao katika safari zilezile, na ikaonekana watazamaji walikuwa wamekosa zaidi ya nusu ya twiga na karibu nusu ya pundamilia. Tembo waliwakosa wachache tu, kama unavyotegemea. Kwa hiyo jicho nalo ni kamera yenye hitilafu ya kimya: linachoka, linapepesa, na halijui ambacho halikukiona. Ninachochukua kutoka Tsavo ni jambo lililo finyu kuliko ushindi wa kamera. Kosa la watazamaji lilijulikana kwa sababu kulikuwa na shahidi wa pili ndani ya ndege ileile. Kamera nayo inadai shahidi wa pili, na mara nyingi tunainyima kwa kudhani chombo hakisemi uongo.

Pingamizi la kizazi kipya ni jepesi zaidi: ndege nyuki si ghali, picha zikiharibika rusha tena kesho. Kwa paa la nyumba ya mteja hiyo ni kweli, na sina ugomvi nayo. Lakini kwanza lazima ujue kwamba zimeharibika, na hitilafu ninayoizungumzia haijulikani kesho. Inajulikana mezani wiki tatu baadaye, chombo kikiwa mkoa mwingine na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kimekwisha muda. Pili, vingi tunavyopanda angani kuvipiga havingoji. Maji ya mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalikuwa na kilele chake, na kilele hicho hakikurudi kwa ajili ya mpiga picha. Bamvua lina siku zake, na anayetaka mwamba wa ufuoni ukiwa mtupu ana saa chache kwa mwezi. Nyumbu wakishahama tambarare, sensa ya mwaka imepita. Tena ndege yenye rubani hula mafuta ambayo mradi uliyahesabu lita kwa lita, na hakuna mfadhili anayependa kusikia kwamba bajeti ya kuhesabu tembo imetumika kuhesabu tembo walewale mara ya pili.

Wengine wanaziegemea programu. Wanasema ukungu utanolewa, picha zitashonwa, na kosa la anwani litarekebishwa na kompyuta kwa kulinganisha picha na jirani zake. Ni kweli programu za kushona ramani zinafanya maajabu. Lakini programu hurekebisha kosa inalolijua. Kamera nyingi za ndege nyuki za bei nafuu husoma picha safu kwa safu kutoka juu hadi chini. Usomaji ukichukua 1/30 ya sekunde kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde, safu ya mwisho imepigwa chombo kikiwa sentimita 40 mbele ya kilipokuwa kwenye safu ya kwanza. Ukiiambia programu jambo hilo italihesabu vizuri. Usipoiambia itatafuta pa kulisukumia, na itapinda paa la mtu. Juu ya maji hali ni mbaya zaidi: wimbi halikai pale lilipokuwa sekunde 2 zilizopita, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha, na programu ama inaacha tundu, jambo la kushukuru, ama inabuni. Programu za kunoa picha zilizofifia nazo hubuni, na kwa mwenye kuhesabu wanyama manyoya yaliyobuniwa na kompyuta ni hatari kuliko mstari wa kahawia, kwa sababu mstari wa kahawia hauhesabiwi. Tena tukumbuke kwamba kilichoiyumbisha Ingenuity ni programu yake ya kujirekebisha. Picha zilikuwa sawa na mabawa yalikuwa sawa. Kilichokwenda kombo ni bidii ya kusahihisha kosa ambalo halikuwapo.

Basi tununue vya ghali? Ingenuity iligharimu karibu dola milioni 80 kuitengeneza, na bado ilipoteza picha. Kilichoiokoa ni uamuzi wa walioichora: kwamba sehemu ya mwisho ya kutua isitegemee kamera kabisa. Walifikiri mapema kamera itakapodanganya nani atashika usukani, na jibu lao lilikuwa limeandikwa ndani ya chombo kabla hakijaondoka duniani. Wazo kama hilo ni la zamani kuliko dijitali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za Lancaster za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kwa ajili ya idara ya upimaji iliyoanzishwa London mwaka 1946. Kamera za upimaji za enzi ile, zenye filamu ya mraba wa sentimita 23, zilikuwa na kawaida ambayo naiona ni ya hekima kubwa: pembeni mwa kila picha zilipiga pia saa, kipimo cha urefu, povu la pimamaji na namba ya picha. Saa haikuwa kwenye faili lingine la kuoanishwa baadaye. Ilikuwa ndani ya picha ileile, kwenye filamu ileile, na ungetaka kuitenganisha na ardhi ungehitaji mkasi. Kamera zetu zimepata pikseli na zikapoteza pembeni hiyo.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa marubani. Wanasema ndege inayoruka mita 100 juu ya vichaka si mahali pa kuinamia kioo cha kamera na kukuza pembe za picha. Wana haki. Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard kwa ndege ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, alikufa tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege hiyo kugongana na tai, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Angani chini hivyo, macho ya kila mtu ni mali ya nje. Kamera ikigoma katikati ya mstari wa kuruka, iache igome. Yule anayefungua mkanda ili akaipapase anaweka roho za watu rehani kwa sababu ya faili. Lakini kila mstari una mwisho, na mwishoni ndege hupanda na kugeuka. Mgeuko huo una dakika moja au mbili ambazo aliye kiti cha nyuma hana cha kuhesabu. Hapo ndipo pa kukuza picha moja ya mwisho na kuangalia namba zinaendelea kupanda. Kituo cha kuongeza mafuta ndipo pa kufungua kompyuta na kulinganisha hesabu ya amri na hesabu ya picha, kabla ya chai, kwa maana baada ya chai hakuna anayefanya.

Ushahidi wenyewe ni rahisi kiasi kwamba watu huudharau. Kabla propela haijazunguka, washa GPS, ingoje itulie, kisha piga picha ya kioo chake sekunde zikionekana. Fanya hivyo tena baada ya kutua. Picha hizo mbili zinakwambia saa ya kamera ilikuwa imepotoka kwa kiasi gani asubuhi na kwa kiasi gani jioni, na zimekaa ndani ya kadi ileile pamoja na zile nyingine, kama saa ya pembeni mwa filamu. Juu ya uwanja, kabla ya kuelekea kazini, piga njia ya kurukia kwa mwendo wa kazi, kwa sababu urefu wake unajulikana na mistari yake myeupe huonyesha ukungu wa mwendo ambao nyasi huuficha. Anayesimamia kazi adai kuziona picha hizo kabla ya kusaini hati ya malipo, na anayefadhili adai vivyo hivyo.

NASA walipochunguza safari ile ya sita, walishuku kwamba kamera ya pili ya Ingenuity, ile ya rangi yenye pikseli milioni 13 iliyopiga mandhari za kupendeza kwa magazeti, huenda ndiyo iliyokuwa ikiikwaza kamera ya njia. Katika safari ya saba na ya nane waliizima, wakarusha chombo bila picha nzuri hata moja, mpaka programu iliporekebishwa. Chombo kilichokusudiwa kuruka mara 5 kiliruka mara 72, na safari ya mwisho ilikuwa tarehe 18 Januari 2024.